Lamu siku nne na mama mzee na watoto: Takwa na Pate twende saa ngapi?

BintiPangani

Asalaam alaykum wanajukwaa. Tunatoka Tanga watu wazima watatu (mmoja ni mama yangu, miaka 71, magoti yanamsumbua) na watoto wawili wa miaka 8 na 11. Tutafika Lamu Alhamisi jioni, mwezi mwandamo utakuwa 12, na tutaondoka Jumatatu asubuhi kwa basi. Ni Agosti, kwa hiyo kusi bado ipo. Tunataka kuona magofu ya Takwa na, ikiwezekana, miji ya Pate na Siyu kisiwani Pate, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nimeambiwa kila kitu kinategemea maji. Naomba mnipangie saa, si siku tu. Na mama apandie wapi boti bila kuumia?

Upondo

Wa alaykum salaam dada. Umefanya vizuri kutaja mwezi, maana bila huo hakuna anayeweza kukujibu sawasawa.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 40 hadi 60. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, yaani siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa 10 na kitu, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa karibu na saa 4 na kitu asubuhi na usiku. Mwezi 7 na 8, au 21 na 22, ni maji mafu: hujaa mnamo saa 4, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Bamvua kubwa huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mahali ulipopita na boti alasiri, kesho asubuhi utakuta matope na mizizi ya mikoko.

Kwa siku zako makadirio ni haya: Ijumaa maji yatajaa mnamo saa 9:30 alasiri, Jumamosi saa 10:15, Jumapili saa 10:55. Yahakikishe kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Hata ukipata la Kilindini (bandari ya Mombasa), tofauti na Lamu ni dakika chache.

Takwa iwe Ijumaa. Magofu yako mwisho wa hori linaloingia ndani ya kisiwa cha Manda, na hori hilo hukauka. Ondokeni Lamu saa 7:45, baada ya swala ya Ijumaa, mwingie horini maji yakiwa bado yanapanda, mtembee saa moja na nusu, na saa 10:45 wote muwe mmeshakaa botini. Kosa la wageni ni kwenda asubuhi kukwepa jua. Kwa mwezi 13 asubuhi mtashushwa mbali na mtakanyaga tope la mikoko hadi magotini, na mama hataweza. Usikubali nahodha akuambie "tutaona tukifika".

Mji wenyewe ulihamwa karne ya 17. Tazameni msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara, ambalo watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, bado huliendea kuomba mvua, kwa hiyo watoto wasilipande.

Pate mwiachie safari nyingine. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hupungua kina maji yakiwa makavu na boti huweza kukwama, na boti za abiria hufuata maji. Mtalazimika kulala huko.

MtuWaFaza

Nakubaliana na Upondo kwa yote ya Takwa. Kwa Pate, hapana. Siku za bamvua ndizo pekee zinazoruhusu kwenda na kurudi kwa mchana mmoja, kwa sababu maji hujaa alfajiri na tena alasiri. Katikati, Mkanda unapopungua maji, ninyi mko Pate mnatembea. Kwenye maji mafu ndiyo haiwezekani: utaenda na maji ya saa 4 asubuhi, na yatakayofuata ni ya saa 4 usiku.

Sharti ni kukodi boti yenu. Ya abiria haitawangoja, na huondoka inapojaa watu na mizigo. Jumapili maji yatajaa mnamo saa 10:35 alfajiri. Subirini mwanga wa kwanza, ondokeni saa 11:50, na muwe mmeuvuka Mkanda kabla ya saa 12:35. Hapo hamna nafasi ya kuchelewa. Nusu saa ya kumtafuta mtoto kiatu inatosha kuwakwamisha. Kwa hiyo malipo, maji ya kunywa na mizigo vyote viishe usiku wa Jumamosi.

Shukeni Mtangawanda, si mbele ya mji wa Pate. Mtangawanda kuna kina wakati wote. Mbele ya mji hukauka, na boti ikilala pale haitanyanyuka hadi alasiri. Kutoka gatini hadi mji wa Pate ni mwendo wa saa moja kwa miguu, mchanga na jua. Mama apande pikipiki, na mwelewane kabisa na dereva saa ya kumrudisha. Magofu ya Nabahani, watawala wa zamani wa Pate, yako pembeni mwa mji, tumbaku imelimwa katikati ya kuta. Siyu nayo iendewe kwa pikipiki, si kwa boti. Hori la pale huingilika maji yakijaa tu, na saa 4:45 mtakayokuwa mnazunguka, maji ndiyo yamekauka kabisa. Mkiwa Siyu angalieni ngome ya karne ya 19 na mafundi wa makubadhi.

Saa 9 alasiri boti iwe imeng'oa nanga kurudi, mpite Mkanda kabla ya saa 10:30 na kufika Lamu kweupe.

Kabla ya kulipa, angalia kwa macho yako ndani ya boti: majaketi ya kujiokolea kwa idadi yenu, na mawili yawe ya saizi ya watoto (la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiwa majini), upondo wa kusukumia boti, upo wa kufulia maji, nanga yenye kamba, plagi za akiba na petroli ya kwenda na kurudi. Bei mkubaliane ya boti nzima pamoja na mafuta. Mkihesabiana kwa kichwa, safari huisha kwa ugomvi gatini.

BintiPangani

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Tukichelewa Mkanda, si tunaweza kuzunguka Manda kwa nje? Na ngazi za gati?

MtuWaFaza

Kwa Agosti na watoto, msizunguke. Nje ya Manda ni bahari kuu, na kusi ya alasiri husukuma mawimbi makubwa kwenye mlango wa Shela, hasa maji yanapotoka yakigongana na upepo. Boti ndogo hupigwa ubavuni. Mkichelewa asubuhi, ahirisheni na mkae ufukweni Shela. Mkichelewa alasiri, laleni Pate. Nahodha anayeshauri kupita nje ili asipoteze siku yake, mkatalieni. Hata hapo Shela, watoto waogelee maji yanapopanda, mbali na mlango, kwani yakitoka huvuta kwa nguvu.

Upondo

Nimesahihishwa kuhusu Pate, na hesabu ya MtuWaFaza ni sahihi.

Ngazi: zinazofunikwa na maji kila siku huota ukoga, na ndizo huangusha watu. Maji yakiwa juu, mama atakanyaga mbili tatu za juu zilizo kavu. Yakiwa makavu atashuka zote, na boti iko chini inayumba. Safari zenu zote mbili zimeangukia maji mengi, na Jumatatu saa 12 asubuhi, mkivuka kwenda Mokowe kufuata basi, maji yatakuwa bado juu. Avae viatu vya mpira vyenye meno. Ashuke kinyumenyume akiwa ameshika mkono wa baharia, na asikanyage ukingo wa boti: akanyage ubao wa katikati.

Kutembea Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni, lakini kwa bamvua ya alasiri maji hufunika sehemu ya njia karibu na Shela. Mama aende kwa boti tu.

Maji ya kunywa chukueni lita 3 kwa kila mtu siku ya Pate, na fedha taslimu mzitoe Lamu. Nguo zifungeni kwenye mfuko wa turubai. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kama ilivyo kwenu tangu 2019. Vitambulisho na pasi za watoto ziwe mkononi, si kwenye buti la basi, kwa sababu barabara ya Garsen hadi Mokowe ina vizuizi vya ukaguzi na abiria huambiwa washuke.