Neno lenye maana mbili: kwa nini mara huchekesha, mara hudoda?

Fanani:
Wakuu, naandika vichekesho vifupi vya kusomwa redioni. Kiswahili kimejaa maneno ya maana mbili: paa, kaa, tembo, mbuzi, ua. Lakini nikisoma "Paa la nyumba yetu limekimbilia porini", watu wananitazama tu. Nikisoma hiki, wanaangua kicheko:
– Nyumbani tuna mbuzi.
– Anakula nini?
– Nazi.
Vyote viwili vinachezea neno moja. Tofauti iko wapi?

mwalimu_wa_sarufi:
Iko kwenye upatanisho, ndugu yangu, na jambo hili nalipenda mno, kwa hiyo nivumilie. Ukishasema "paa la", umemaliza habari. Msikilizaji kajua ni lile la kuezekwa. Mnyama angekuwa "paa wa". Ngeli zetu ni kama bawabu: maana moja inaingia, nyingine inarudishwa mlangoni. Mzaha nao unataka zote mbili ziwe hai mpaka mwisho. Mwanaisimu Victor Raskin alilieleza hili mwaka 1985: maneno yaleyale yabebe picha mbili zinazopingana, kisha neno moja limhamishe msikilizaji ghafla kutoka picha hii kwenda ile.

Sasa tazama mbuzi wako. "Tuna mbuzi" haina kiambishi chochote kinachomfichua. Anayeuliza ndiye anayesema "anakula", yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya mnyama! Inapokuja nazi, kumbe ni mbuzi ya kukunia. Hujamdanganya hata kidogo, na utamu wote uko hapo.

Basi neno lako liweke pasipopatanishwa na kitu: baada ya kitenzi, bila kivumishi. "Babu kaletewa tembo." Nyamaza hapo, mwache mwenzake aulize.

Bi_Maneno:
Mwalimu kasema kweli, ila wakati mwingine ngeli yenyewe ndiyo mzaha. Mtu wa kujikweza akiingia, mnong'oneze jirani yako "kimefika". Hakuna tusi, ni ki- tu, na mbavu hamna. Usisahau mnyambuliko pia, yaani kurefusha kitenzi, kama piga kuwa pigia. "Asha alimpigia Juma mpira": aliupiga kuelekea kwa Juma, aliupiga kwa niaba yake, au alimchapa Juma kwa sababu ya mpira? Mpe mhusika mmoja maana hii na mwenzake ile, watagombana kipindi kizima na wote wana haki.

Kalamu_Kavu:
Mimi maneno ya maana mbili hayanichekeshi sana. Kinachonimaliza ni rejesta, yaani mtindo wa lugha wa shughuli fulani, isiyo mahali pake: "Soksi ya mguu wa kushoto imeripotiwa kutoweka katika mazingira ya kutatanisha. Msako unaendelea." Hapo kila neno lina maana moja tu. Kwa redio hii ni dhahabu, maana sauti ya msomaji wa habari kila mtu anaijua.

Fanani:
Asanteni sana. Mwalimu, la mwisho: nina kichekesho cha "barabara", njia na sawasawa. Nacho?

mwalimu_wa_sarufi:
Hicho redioni hakifai. Njia ni ba-ra-BA-ra, sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Mkazo utakufichua kabla hujamaliza kutamka. Kwenye maandishi yanafanana herufi kwa herufi, kwa hiyo kipeleke gazetini.