Nassor, ngoma hiyo umeitoa wapi?

Nassor: Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Biti mpya hiyo, nimeimaliza leo alfajiri. Naomba maoni 🙏

Nassor: 🎵 singeli_mpya_2.mp3

Tima: Waalaykum salaam kaka. Mbio hizo! Hapo katikati panapobaki ngoma tupu ndipo penyewe 🔥

Khamis: Kali sana. Nipo kazini Muscat, nimeisikiliza mara mbili na mzigo haujashushwa.

Ami Salum: Waalaykum salaam. Marahaba wanangu. Nassor, hiyo ngoma inayobaki peke yake hapo katikati umeitoa wapi?

Nassor: Pakiti tu ya sauti ami, niliishusha mtandaoni. Faili limeandikwa "amen 170".

Ami Salum: Basi kaa kitako. Hiyo ngoma ina mwenyewe. Aliyepiga ni Gregory Coleman wa bendi ya The Winstons, Washington, Marekani. Wimbo ni "Amen, Brother" wa mwaka 1969, uliwekwa upande wa pili wa santuri ya "Color Him Father". Katikati ya wimbo bendi yote inanyamaza, Coleman anapiga peke yake kwa sekunde kama saba, kisha wenzake wanarudi. Hizo sekunde saba ndizo tulizokesha nazo London sisi miaka ya tisini, kwenye muziki wa jungle: ngoma za mbio juu ya besi ya rege.

Nassor: Sekunde saba tu?

Ami Salum: Saba tu. Isikilize taratibu, ipunguze mwendo kwenye kompyuta yako. Ni mizunguko minne. Miwili ya kwanza anapiga sawasawa. Wa tatu snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, anaichelewesha kidogo. Wa nne anaacha pengo pale pigo la kwanza lilipotakiwa kukaa, halafu matuazi yanaingia kabla hujayategemea. Ule mchelewo na lile pengo ndivyo vinavyomtoa mtu kitini.

Tima: Alilipwa?

Ami Salum: Hakupata hata senti. Alifariki 2006 Atlanta, hana hata pa kukaa. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, naye miaka yote hakulipwa. Mwaka 2015 ndipo wapenzi wa muziki Uingereza walipomchangia mtandaoni, zikapatikana pauni 24,000. Na ngoma hiyo imo kwenye maelfu ya nyimbo. Mimi hili halijawahi kunitoka rohoni.

Tima: Inna lillahi. Na watu walitajirika kwa hiyo.

Mama Tima: Jamani samahani kuwakatiza, mchango wa paa la Bibi mwisho Ijumaa. Salum na Khamis nawasubiri.

Khamis: Natuma leo mama, in shaa Allah.

Ami Salum: Wangu umeshatumwa, angalia simu.

Mama Tima: Nimeuona, Mungu akuzidishie. Endeleeni.

Nassor: Ami, nyinyi hamkuwa na kompyuta kama hizi. Ilikatwaje?

Ami Salum: Kompyuta ya Atari na sampla ya Akai, ile S950, mashine ya kunasa sauti na kuzikata. Memori yake ndogo, unaingiza sekunde chache tu za sauti. Kwa hiyo vijana waliichukua ngoma ya Coleman wakaikata kipande kipande: besi ya mguu peke yake, snea peke yake, tuazi peke yake. Kila kipande kikawekwa kwenye kitufe chake cha kinanda. Kutoka hapo unampigisha Coleman mapigo ambayo yeye mwenyewe hakuyapiga. Na ukikipandisha mwendo kipande, sauti nayo inapanda, inakuwa nyembamba na kali. Mwaka 1990 tulikuwa kwenye mapigo 125 au 130 kwa dakika. Kufika 1994 tuko 160 na ushee.

Khamis: Hapo ndipo mlipokuwa na bendi ya Prodigy sasa. "Out of Space"! Mimi hiyo ndiyo namba moja duniani.

Ami Salum: Sikukatalii Khamis. Albamu yao ya "Experience" ya 1992 ni hardcore halali, ule muziki wa mikesha uliozaa jungle, na Liam Howlett wao alijua kukata ngoma. Lakini ile sauti ya katikati ya "Out of Space" inayokufanya ufumbe macho ni ya Max Romeo, "Chase the Devil", rege ya Jamaika ya 1976, fundi wake Lee Perry. Rege ndiyo iliyobeba kila kitu pale.

Khamis: Max Romeo nilikuwa sijui kabisa.

Ami Salum: Sikilizeni, hili ndilo ninalotaka mlishike. Mtu akisikia jungle kwa mara ya kwanza anafuata ngoma, anachoka dakika mbili. Usifuate ngoma. Fuata besi. Ngoma iko 160, besi iko 80, nusu yake kamili. Juu watu wanakimbizana, chini besi inatembea kama mzee anayerudi msikitini. Ukicheza na besi unakesha mpaka asubuhi, hutoki jasho la bure. Hiyo ni rege moja kwa moja, imetoka kwa watoto wa Wakaribi waliozaliwa Hackney, Tottenham, Brixton, waliokulia mbele ya maspika ya baba zao.

Nassor: Subiri nijaribu. Nazima spika ndogo nasikiliza besi tu.

Ami Salum: Na ukitaka ushahidi, watafute Ragga Twins. Walikuwa waimbaji wa saundi ya rege London, yale maspika makubwa ya kupigia santuri, wakachukuliwa na Shut Up and Dance, vijana wawili wa Hackney, PJ na Smiley, waliokuwa na lebo yao wenyewe. 1991 wakatoa albamu inaitwa "Reggae Owes Me Money". Raga, ule uimbaji wa rege wa maneno ya mbio, juu ya ngoma za hiphop zilizopandishwa mwendo. Kwangu mimi mlango ulifunguliwa pale.

Shangazi Zuwena: Salum, umeandika gazeti zima na hujamtaja mwanamke hata mmoja.

Ami Salum: Karibu dada, nilikuwa nakuachia wewe 😊

Tima: Shikamoo shangazi! Kumbe na wewe ulikuwamo?

Shangazi Zuwena: Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa Manchester. Diane Charlemagne ni wa Manchester. Ile "Inner City Life" ya Goldie, mtengenezaji wa jungle, ya 1994, watu wanamtaja Goldie tu. Goldie hakuimba. Aliyeimba ni Diane, na bila sauti yake ule wimbo ni ngoma na vinanda. Anaingia taratibu, hana haraka, huku chini yake kila kitu kinachemka. Alifariki 2015, saratani. Mimi siku ile nililia kama nimefiwa na jirani.

Tima: Nimeufungua sasa hivi. Shangazi, sauti hii!

Shangazi Zuwena: Huo ni mfupi. Mzima wake unaitwa "Timeless", dakika 21, ndio unaofungua albamu ya 1995. Usisikilize kwa simu, tafuta spika.

Shangazi Zuwena: Na huyo Goldie mwenyewe nani aliyempeleka akausikie muziki huu? Kemistry. Yeye na mwenzake Storm, madijei wanawake, ndio waliompeleka Rage, usiku wa madijei Fabio na Grooverider pale klabu ya Heaven, London. Baadaye wakaanzisha naye lebo ya Metalheadz, 1994. Kemistry alifariki kwa ajali ya barabarani 1999. Wakitajwa waasisi, naye atajwe.

Ami Salum: Kweli tupu. Wale wawili wakipiga pamoja hujui santuri moja imeisha wapi na nyingine imeanza wapi.

Khamis: Shangazi, namba moja yako basi?

Shangazi Zuwena: Ya moyoni ni "Let Me Be Your Fantasy" ya Baby D. Ilitoka 1992, ikapigwa kwenye mikesha miaka miwili, Novemba 1994 ikashika namba moja Uingereza nzima. Kuna watu wa jungle wanasema ni laini. Waache waseme. Tulikuwa tukiisikia alfajiri watu wote wanaimba, wazungu kwa weusi, mtu usiyemjua anakushika bega.

Ami Salum: Mimi sitataja moja. Ila kwa giza, "Terminator" ya 1992, ya Goldie huyo huyo. Ngoma inapanda sauti bila kupanda mwendo, unasimama hujui unasikia nini. Kwa furaha, "Renegade Snares" ya Omni Trio. Kwa kutikisa nyumba, "Original Nuttah" ya Shy FX na UK Apachi, 1994, na humo Nassor utamsikia Coleman wako anavyopelekwa puta.

Nassor: 😳 Nimeipata. Hii ni singeli ami! Muimbaji ana kasi kama wa Manzese.

Ami Salum: Ndiyo maana niliponunua "Sounds of Sisso" 2017, albamu ya singeli ya lebo ya Nyege Nyege Tapes wa Kampala, nilikaa sebuleni nikacheka peke yangu kwa furaha. Hamkuiga kwetu, mmetoka na mchiriku na taarab yenu, na mmetupita mwendo. Lakini njaa ni ile ile: kijana, mashine ndogo, mtaa mzima nje unasubiri.

Tima: Mlikuwa mnazisikia wapi, redioni?

Ami Salum: Redio zisizo na leseni. Mimi nilikuwa Hackney, tukisikiliza Kool FM, ilianza 1991. Antena zinafichwa juu ya paa za maghorofa ya halmashauri, serikali inapanda inazing'oa, wiki ijayo zimerudi. Nilikuwa narekodi kwenye kaseti Jumamosi usiku. Ninazo hadi leo, sanduku zima.

Khamis: Serikali ilikuwa na shida gani na muziki?

Ami Salum: Mei 1992 watu kwa maelfu walijaa Castlemorton, shamba huko Uingereza, kwenye malisho, wakikesha na muziki wiki nzima. Magazeti yakapiga kelele. 1994 ikapitishwa sheria: watu mia moja au zaidi wakikusanyika uwanjani usiku kwa muziki, polisi wangeweza kuwatawanya. Na muziki wenyewe ukaelezwa ndani ya sheria kuwa ni mapigo yanayojirudia. Bunge zima limekaa kuandika hivyo! Iliniuma, kwa sababu wengi wa wale hawakuwa na pa kwenda kwingine wikiendi.

Nassor: Ami nimeishusha besi nusu. Sikia.

Nassor: 🎵 singeli_mpya_3.mp3

Ami Salum: Sasa inakaa! Besi iache iwe ndefu zaidi, usiikate mapema. Na kwenye maelezo ya wimbo muandike Coleman.

Nassor: Namuandika, na The Winstons.

Tima: Shangazi, baada ya "Timeless" nisikilize nani?

Shangazi Zuwena: A Guy Called Gerald, Manchester tena. Watu wanamjua kwa "Voodoo Ray" ya 1988, wewe anza na "Black Secret Technology" ya 1995. Humo utafute "Finley's Rainbow", anaimba Finley Quaye. Ipige baada ya isha ukishamaliza vyombo, halafu niandikie hapa.

Khamis: Mama Tima, pesa ya paa nimeshatuma, nijulishe ikifika.