Naomba ushauri: njia ya akiba nimeipa AD ya 200, lakini data bado inapita redioni

Mtandao_Moro:
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia mtandao wa tawi letu hapa Morogoro, lililounganishwa na makao makuu Dar es Salaam kwa faiba inayoendesha OSPF (itifaki ambayo ruta hupashana njia zenyewe), na kwa redio ya mikrowevu ambayo ni ya akiba na kasi yake ni ndogo. Kila mfumo wa uhasibu unapofunguliwa, data inapita redioni ilhali faiba ni nzima. Njia tuli ya redio, yaani niliyoiandika kwa mkono, nimeipa AD (namba ya kiasi ambacho ruta inaamini chanzo cha njia) ya 200, kwa kuwa ya OSPF ni 110 na ruta huamini namba ndogo. Nimeshusha hata gharama ya OSPF kwenye mlango wa faiba hadi 1, bila mafanikio. Watumiaji wananilalamikia kila asubuhi. Naomba msaada.

WayaMwekundu:
Mkuu, gharama hulinganisha njia za OSPF zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hapo haina kauli. AD ndiyo inayoamua pale itifaki mbili zinapoleta njia ya kwenda mtandao uleule. Kwenye Cisco, mtandao uliochomekwa moja kwa moja una 0, njia tuli 1, na itifaki zina zake: eBGP 20, EIGRP ya ndani 90, OSPF 110, RIP 120. Nahisi kuna njia tuli ya zamani yenye 1 iliyosahaulika. Tuwekee jedwali la njia.

Nahodha_wa_Pakiti:
Hizi namba ziheshimiwe. Tulipounganisha mtandao wa EIGRP na wa OSPF kwa ruta mbili za mpakani, njia zilizoingia EIGRP kutoka nje zilikuwa na 170. Ruta ya kwanza ikazipeleka OSPF. Ya pili ikazisikia huko kwa 110, ikaziamini kuliko zile za asili, na pakiti zikaanza kuzunguka baina ya ruta hizo mbili. Kilichotuokoa ni kuzitia alama njia kwenye mpaka mmoja na kuzikataa kwenye mpaka wa pili.

BibiSwichi:
Ongezeni kwamba AD haitangazwi kwa jirani. Ni uamuzi wa ruta yenyewe, na kila mtengenezaji ana namba zake. Kwenye Juniper njia tuli ni 5 na OSPF ya ndani ni 10. Ndiyo maana ninasisitiza kila tawi liwe na daftari la mabadiliko. Anayerithi mtandao usio na maandishi anarithi mafumbo, na si haki kumtendea hivyo mwenzako.

Mtandao_Moro:
Nashukuru, lakini njia tuli ya zamani haipo, nimekagua. Kwa kweli nimeshamwambia meneja kwamba Ijumaa usiku nitazima OSPF hapa tawini na kuweka njia tuli mbili, faiba ikiwa na 1 na redio 200. Tawi ni dogo na atakayekuja baada yangu ataelewa kwa urahisi.

WayaMwekundu:
Kaka, jedwali bado hujaliweka. Njia ya OSPF inasomekaje, na ile tuli inasomekaje, pamoja na urefu wa anwani zake (ile namba baada ya mkwaju)?

Mtandao_Moro:
OSPF inaleta 10.20.0.0/16 yenye [110/2], yaani AD kisha gharama. Njia tuli ni 10.20.5.0/24 yenye [200/0]. Zote mbili zimo kwenye jedwali. Sikudhani urefu una uzito, maana seva ya uhasibu imo ndani ya zote mbili.

WayaMwekundu:
Hapo ndipo penye jibu. Kwa ruta, /16 na /24 ni safari mbili tofauti, kwa hiyo AD haikuwahi kuzishindanisha na kila moja iliingia jedwalini bila mpinzani. Pakiti inapofika, ruta hufuata anwani iliyo mahususi zaidi, yaani /24, ambayo ni kundi dogo ndani ya /16, hata kama AD yake ingekuwa 254. Andika njia ya akiba kama 10.20.0.0/16 yenye 200, nayo itajificha hadi OSPF iondoke.

Mzee_wa_Kebo:
Wenzangu, tusimfanyie mtu mtihani. OSPF ina /16, njia tuli ina /24 yenye 200, na maelezo muhimu yamefichwa hadi mwisho: hili ni swali la cheti, si tawi la Morogoro. Mtandao halisi una sababu. Kwa nini mtu aandike /24 wakati makao makuu yanatangaza /16?

Nahodha_wa_Pakiti:
Hata mimi naanza kutilia shaka. Ajibu hilo kwanza.

Mtandao_Moro:
Sababu ipo, na ndiyo iliyonifanya nisiiguse /24. Kinasa picha za kamera za ulinzi kiko makao makuu, ndani ya /16 hiyohiyo. Nikiandika /16, faiba ikikatika kamera zitajaza redio na uhasibu utasimama. Meneja aliagiza redio ibebe uhasibu peke yake. Kwa hiyo bado naona njia tuli mbili za /24 ndizo salama.

Mzee_wa_Kebo:
Sawa, hilo halimo kwenye mitihani. Lakini swali moja: faiba inaingia moja kwa moja kwenye ruta yako?

Mtandao_Moro:
Hapana, inapitia swichi ya mtoa huduma iliyoko hapa ofisini.

Mzee_wa_Kebo:
Basi usizime OSPF. Faiba ikikatwa Chalinze, mlango wa ruta utaendelea kuwaka kwa sababu swichi ni nzima, na njia tuli yenye 1 itabaki jedwalini ikipeleka data shimoni. OSPF hutuma salamu kila sekunde 10 kwa kawaida, na baada ya sekunde 40 za kimya humwondoa jirani pamoja na njia zake. Waombe makao makuu watangaze 10.20.5.0/24 kando ya ule muhtasari wa /16. Hapo /24 ya OSPF yenye 110 itashindana kweli na ya kwako yenye 200, na kamera hazitagusa redio.

BibiSwichi:
Na makao makuu nao waweke njia ya akiba ya kurudi kwenye mtandao wa watumiaji wako, kwa urefu uleule wanaoupata kwa OSPF. Ijumaa, mkifanya jaribio, ombeni faiba ichomolewe upande wa Dar es Salaam, si kwenye ruta yako.

Mtandao_Moro:
Nimewaandikia makao makuu sasa hivi. OSPF naiacha hadi wajibu.