Ukitoka Kigamboni ukaelekea mashariki

Babu Salum: Wajukuu, chemsha bongo. Uko ufukweni Kigamboni na jahazi. Omo, yaani mbele ya jahazi, inatazama mashariki kamili. Unang'oa nanga, unafunga kana, ule mpini wa usukani, isicheze hata kidogo. Upepo na mkondo havikusukumi pembeni. Visiwa vidogovidogo tusivihesabu. Nchi kavu ya kwanza utakayoigonga ni ipi? Vocha ya elfu tano.

Hafidh: Shikamoo babu. Zanzibar!!

Babu Salum: Marahaba. Unguja iko kaskazini yako, we mtoto.

Shangazi Mwajuma: 😂😂 Na huyu tunamlipia tuisheni

Zuhura: Nimefungua ramani. Dar iko latitudo nyuzi 6.8 kusini. Nikivuta mstari kwenda kulia nagonga Java, Indonesia. Hata Bandung iko humohumo. Vocha yangu babu

Babu Salum: Java siyo.

Zuhura: Babu! Nimepima na rula kabisa

Babu Salum: Rula umeiweka juu ya nini?

Kaka Idi: Aah, babu mjanja. Zuhura, latitudo zote ni mviringo unaopinda, isipokuwa ikweta. Chukulia umesimama mita moja kutoka Ncha ya Kusini, ukaambiwa tembea mashariki tu. Utazunguka hapohapo kama ng'ombe wa kinu, kila hatua unakata kulia. Ya Dar nayo inapinda, ila duara lake ni kubwa mno, kona huihisi. Ili usiiache lazima uwe unakata kulia kidogokidogo. Na babu kashafunga kana

Hafidh: Kwa hiyo jahazi linapinda kushoto?

Kaka Idi: Halipindi popote, ndiyo maana linaiacha latitudo. Linasogelea ikweta. Nimepiga hesabu: baada ya karibu kilomita 7,000 uko nyuzi 3 na kitu kusini. Hapo ni Sumatra

Babu Salum: Sumatra. Vocha ya Idi. Na dira, tukiacha mambo ya sumaku, itasoma nyuzi 84 hivi badala ya 90 ya mashariki kamili, na usukani hujaugusa.

Shangazi Mwajuma: Mi sijakubali. Mashariki ni mashariki

Kaka Idi: Shangazi, chukua mpira wa Hafidh na uzi. Chora duara karibu na kitako cha mpira, weka nukta mbili juu yake, vuta uzi kati yao ukaze. Uone kama utalala kwenye duara

Shangazi Mwajuma: Ngoja

Shangazi Mwajuma: Unakimbilia chini!! Umepita karibu na kitako

Kaka Idi: Eeh. Kwa hiyo anayetaka Java kwa njia fupi, atoke Kigamboni omo ikitazama kusini kidogo ya mashariki

Zuhura: Basi mimi nahamia Nanyuki, ikweta inapita pale. Rula yangu itafanya kazi

Babu Salum: Itafanya. Ila jahazi utalibeba kichwani mpaka Somalia, maji utayakuta juu kidogo ya Kismayu.