Mrejesho: kongamano la kupeleka kazi yangu ya foromali

Assalam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kama mtu wa Lamu asiye na chuo nyuma yake anaweza kupeleka kongamanoni kazi ya uigaji wa kompyuta wa foromali ya jahazi (ule mti unaobeba tanga), na kongamano lipi.

Nilikuwa pia nimepata kwa barua pepe mwaliko wa kongamano jingine; huo nimeuacha. Walitaka ada kabla ya yeyote kusoma ikisiri, na mada zao zilianzia mekanika hadi uuguzi. Aliyenikanya, Mungu amlipe.

Kongamano la dunia la IACM, chama cha kimataifa cha mekanika ya kompyuta, la kila miaka miwili, limeegemea nadharia na mbinu mpya. NAFEMS, jumuiya ya wahandisi wa uigaji iliyoanza Uingereza 1983, ni ya watu wa viwandani wanaouliza: matokeo yako yanaaminika? Hilo ndilo swali langu, nikachagua huko.

Kabla ya kutuma nilikwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Tuliilaza foromali juu ya magogo mawili, tukaning'iniza magunia ya mchanga katikati, tukapima kwa utepe. Ilipinda zaidi ya programu ilivyosema! Nilikuwa nimeupa mti sifa za chuma, sawa pande zote, kumbe mbao hutaka namba tisa za unyumbufu (namna inavyopinda na kurudi), maana kufuata nyuzi na kukata nyuzi si nguvu moja. Lakini kosa kubwa aliliona fundi, kwenye skrini ya laptopu yangu, kidole kikiwa palepale: "Mwanangu, hapa pameungwa kwa kamba. Wewe umechora mti mzima."

Nimeuchora upya ule muungo. Ikisiri nimeituma Jumatatu, ikiwa na vipimo vya Matondoni, majibu bado.