Adolfo Celi: sauti ya Largo ni ya nani, na baada ya Thunderball nitazame ipi?

Swali
Wakuu, habari za jioni. Mwigizaji wa Italia Adolfo Celi kama Emilio Largo, adui wa James Bond katika Thunderball (1965), Kiingereza chake kimenyooka, ila kwenye filamu za kijasusi za Italia sauti inabadilika na midomo inapishana na maneno. Nakala yangu ina hitilafu? Na kati ya OK Connery na Danger: Diabolik, nianze na ipi?

Jibu 1
Nakala yako ni nzima. Sauti ya Largo ni ya mwigizaji wa sauti Robert Rietty, yuleyule aliyemsemea Tanaka katika You Only Live Twice, filamu nyingine ya Bond. Celi, mzaliwa wa Messina, Sicily, alikuwa na lafudhi nzito, basi watayarishaji wakaiweka sauti nyingine studioni. Lakini mbele ya kamera alisema Kiingereza, ndiyo maana midomo inaendana. Tazama m, b na p, ambazo haziwezi kutamkwa bila midomo kufunga.

Waitalia wa miaka ile kwa kawaida walirekodi sauti zote upya baada ya kupiga picha, na mara nyingi kila mwigizaji alisema lugha yake. Usihangaike kuvuta sauti mbele au nyuma kwenye kichezeo: ukimnyoosha mmoja, unampinda mwenzake.

Jibu 2
Anza na Danger: Diabolik (Mario Bava, 1968). Humo Celi ni Valmont, bosi wa wahalifu anayewaangusha watu wake kupitia mlango wa sakafu ya ndege. Filamu yenyewe imejaa mbwembwe: Valmont anamiminiwa risasi za zumaridi, halafu Diabolik, yule mwizi mkuu wa filamu, anakwenda kuzichambua kwenye majivu ya maiti yake! Celi haoneshi hata chembe ya utani. Angekonyeza jicho mara moja tu, mchezo wote ungeporomoka.

Kabla ya kununua diski, soma maelezo ya sauti. Kuna rekodi mbili tofauti za Kiingereza, na ile iliyosambaa kwenye kanda za zamani inamshusha Celi sana. Tafuta ile ya toleo la sinema.

Jibu 3
Kwa heshima, mkuu, mimi ningeanza na OK Connery (Alberto De Martino, 1967) nikiwa bado na Thunderball kichwani. Nyota ni Neil Connery, mdogo wake Sean Connery aliyeigiza James Bond, na waliomzunguka wametoka kwenye filamu za Bond: Bernard Lee, Lois Maxwell, Daniela Bianchi, Anthony Dawson. Celi ni Thair, namba mbili wa genge anayetaka kiti cha namba moja, yaani Largo bila kile kitambaa cha jicho. Ukichelewa kuitazama, nusu ya utamu imepotea.

Ukiikosa kwa jina hilo, tafuta Operation Kid Brother au Operation Double 007. Ni filamu ileile, usilipie mara mbili.

Jibu 4
Ongezeni L'Homme de Rio (1964) ya Philippe de Broca. Celi alikuwa ameishi Brazil miaka mingi akiongoza tamthilia São Paulo, na filamu hiyo, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Brazil, ndiyo iliyomfungulia tena mlango wa sinema ya Ulaya. Mwaka mmoja baadaye akawa Largo.