Naomba ushauri: hoteli ya punguzo Chicago, jina unaliona ukishalipa

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Ngamiani, Tanga. Mwezi ujao nampeleka mama Chicago kwenye mahafali ya mdogo wangu, na hoteli za katikati ya jiji hazishikiki bei.

Zamani kwenye Priceline (tovuti ya Marekani ya kukodi vyumba vya hoteli) ulikuwa unataja bei yako mwenyewe. Hoteli ikikubali, kadi inakatwa papo hapo. Siku hizi kuna vyumba vya punguzo ambavyo unaonyeshwa eneo, nyota na bei tu. Jina unalijua ukishalipa, na kwa kawaida hela hairudi. Mama anasema huko ni kununua mbuzi kwenye gunia, na sijapata la kumjibu.

Nimelinganisha nyota, eneo na maoni ya wageni nibahatishe ni ipi. Zimebaki mbili, moja wageni wanalalamikia kelele za treni usiku kucha (mama halali hata jogoo akiwika mbali). Kodi inaongezwa mwishoni, hiyo nimeshaipigia hesabu.

Waliowahi kulala kwa njia hii: nikishalipa, nikiwapigia hoteli watakubali kutupa vitanda viwili badala ya kimoja? Na ile dhamana wanayoizuia kwenye kadi pale mapokezi, kadi ya kawaida ya benki zetu inapokelewa, au wanataka ya mkopo tu?